Raketi Iliyoamshwa

Habari kwamba mashindano ya taifa ya mpira wa meza yangefanyika Tanga ilifika mtaa wa Ngamiani Jumatatu moja ya Januari, na hadi alasiri Mselem alikuwa amekwisha kumwambia kila mtu aliyemletea baiskeli. Aliwaambia huku akizamisha tyubu kwenye karai la maji akitafuta pancha, nao wakaitikia kwa adabu, kama mtu anavyoitikia habari ya harusi ya watu asiowajua. Kwa wengi wao mpira ni ule wa miguu. Huu wa meza waliuona kama ugonjwa wa fundi wao tu.

Semeni alipopita jioni akitoka kazini, hakuachiwa hata nafasi ya kumaliza kuamkia.

"Marahaba, marahaba. Novemba, Semeni. Mikoa yote inakuja, na visiwani pia. Watachagua wanawake wanne wa timu ya taifa. Wa Dar nawajua, watachukua nafasi mbili, wakizidi sana tatu. Moja ni yako, labda uikatae mwenyewe."

"Nitaikataaje, Mwalimu?"

"Kwa uvivu. Na kwa hizo simu zenu."

Semeni alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na alifanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa fotokopi kule Mabawa. Tangu darasa la tano alikuwa akicheza katika ukumbi wa zamani wa jumuiya, nyuma ya barabara ya kumi na mbili, ambako Mselem aliweka meza mbili na kuziita klabu. Ijumaa na Jumamosi ukumbi ulikodishwa kwa harusi, meza zikakunjwa na kuegemezwa ukutani. Siku nyingine zote, baada ya magharibi, ulikuwa wao. Mselem hakuwa na cheti cha ualimu wa mchezo wowote. Alikuwa na macho, na uvumilivu wa mtu aliyeishi miaka mingi akitafuta matundu madogo kuliko ncha ya sindano.

Tena alikuwa na solusheni. Mafundi wote wa baiskeli wana kikopo hicho cha gundi ya kubandikia viraka, lakini yeye alikuwa na kazi ya pili nacho. Asubuhi ya mchezo mkubwa, na mara nyingi hata kabla ya mazoezi, alibandua raba za raketi, ile nyekundu na ile nyeusi, akapaka sifongo iliyo chini ya kila raba solusheni mara tatu, akaacha ikauke kila mara, kisha akairudisha juu ya ubao na kuikandamiza kwa chupa. Raba hiyo huvimba kidogo na kukaza. Kwa saa chache mpira huruka kama umetupwa na mtu mwingine, na mlio wake hubadilika, unakuwa mkavu, wa juu. Kazi hiyo aliiita kuamsha raketi. Mwaka wa tisini na moja, kule Mwanza, alikuwa amebakiza mchezo mmoja aingie timu ya taifa, na siku hiyo solusheni ilimwishia. Alicheza na raketi iliyolala, akashindwa. Kisa hicho wachezaji wake wote walikijua kwa moyo, na mbele yake hakuna aliyethubutu kukifanyia mzaha isipokuwa Yasini, ambaye hakuna alichokiacha bila kukifanyia mzaha.

"Mwalimu akifa," Yasini alikuwa akisema, "tutampaka solusheni mara tatu, ainuke."

Mei, Semeni aliitwa kwenye kambi ya siku nne Dar es Salaam. Siku ya mwisho mwamuzi mkuu, Ernesti, mtu mpole mwenye miwani, aliweka mezani kijisanduku cha plastiki chenye taa ndogo. Akaeleza kwamba gundi zenye mvuke zilikwisha kukatazwa duniani siku nyingi kwa sababu zinadhuru mapafu na zinampa mchezaji nguvu isiyo yake. Hapa nyumbani watu walikuwa wakifumbiwa macho. Mwaka huu basi. Kule Tanga raketi zingepimwa ndani ya kijisanduku hicho, na atakayekutwa na kosa baada ya mchezo, mchezo wake utafutwa. Gundi inayoruhusiwa ni ya maji, nyeupe kama maziwa. Kila klabu ikapewa barua ya kubandika ukutani, na barua ya klabu ya Ngamiani akakabidhiwa Semeni.

Aliisoma garini, akairudia. Ilikuwa fupi. Sentensi ya tatu ilisema: "Matumizi ya gundi ya viraka vya baiskeli ni udanganyifu, na mwalimu anayeyaruhusu hafai kuwa mwalimu."

Alifika Tanga akakuta masika imepasua paa la ukumbi. Meza moja ilikuwa imelowa usiku kucha na ubao wake ulikuwa umevimba katikati. Mselem alikuwa ameiinamia, akiikausha kwa kanga ya mkewe kama mtu anayempangusa mgonjwa.

"Wamekufundisha nini huko?" akauliza bila kugeuka.

Barua ilikuwa ndani ya mkoba. Semeni aliitazama ile kanga ikienda na kurudi.

"Mazoezi ya miguu," akasema. "Na kuanzisha mpira kwa kuukata."

Alijiambia kwamba angesubiri meza ikauke. Ikakauka. Akajiambia kwamba angesubiri Idi ya kuchinja, watu wakishakula na kufurahi, maneno magumu hupokewa vyema zaidi. Idi ikapita. Hakuwa anaiogopa hasira ya Mselem, maana aliizoea. Aliogopa ile sentensi ya tatu. Aliona ni utovu wa adabu kumbandikia mtu ukutani kwake mwenyewe karatasi inayomwita mdanganyifu, mtu aliyemnunulia viatu vya kwanza vya mchezo. Na kumwambia kwa mdomo kulikuwa ni kuibandika vilevile.

Julai Mselem aliugua kifua. Semeni akaenda kumjulia hali, akamkuta amekaa kitandani akikohoa, mkewe akimsugua mgongo kwa mafuta ya nazi. Hapo ndipo alipopata njia, au alidhani ni njia.

"Mwalimu, kuanzia sasa raketi yangu nitaibandika mwenyewe. Harufu ile si nzuri kwa kifua chako."

Mselem alimtazama. "Utaweza?"

"Nimekuona mara mia."

"Mara tatu, na ikauke. Usiwe na haraka." Akamgeukia mkewe. "Unaona? Amekuwa mkubwa huyu."

Semeni aliondoka pale akiwa na furaha ya wizi. Gundi nyeupe alikwisha kuiagiza kwa msichana mmoja waliyekuwa naye kambini. Aliipaka nyumbani, mlango ukiwa umefungwa. Mpira ukapungua mwendo, na ikambidi ajifunze upya: asogee karibu na meza, atumie kiuno zaidi, asubiri. Miezi miwili alishindwa na watu aliokuwa akiwashinda huku anacheka. Halafu polepole mwili ukaelewa. Mwisho wa Septemba alikuwa akicheza vizuri kuliko alivyopata kucheza, na nguvu yote ilikuwa yake.

Yasini alikuwa wa kwanza kugundua.

"Raketi yako haiongei siku hizi," alimwambia jioni moja. "Zamani ilikuwa ta, ta. Sasa tu, tu. Kama mtu anatwanga kisamvu."

"Imekufunga hiyo ya kisamvu, au hukuona?"

"Imenifunga, sikatai. Nasema tu haiongei."

"Basi na wewe usiongee."

Mashindano yalifunguliwa katika wiki ya pili ya Novemba, katika ukumbi wa chuo kimoja upande wa Pongwe. Meza nane mpya zililetwa na lori. Walikuja watu wa Arusha wakilalamika joto, watu wa Mwanza wakilalamika safari, na Wapemba waliofika na ndoo ya halua wakaigawa kwa kila waliyemkuta, hata waliokuwa wanakwenda kucheza nao. Kwa siku nne Semeni aliishi katika nchi ndogo ambayo watu wake wote waliujua mchezo huu, na akasahau kwamba nje ya milango ile hakuna aliyejali. Mselem alizunguka amevaa shati la mkoa lililopauka, akiwasalimia wazee wenzake wa tisini na moja. Mwamuzi alikuwa na kijisanduku chake kwenye kona, na mara mojamoja raketi ya mtu iliwekwa mle kwa dakika moja kisha ikarudishwa. Mselem aliuliza ni kitu gani.

"Wanapima unene wa raba," Semeni akajibu. Hata hilo lilikuwa kweli, walipima unene pia.

Wanawake watano walibaki kugombea nafasi nne. Watatu wa Dar walikwisha kujihakikishia. Nafasi ya nne ilikuwa kati ya Semeni na Khairiya, msichana wa Chake Chake mwenye mkono wa kushoto na uso usioonyesha kitu. Wangecheza siku ya mwisho, saa kumi. Saa sita Semeni alimwachia Mselem mkoba wa vifaa, akaenda nyumbani Mabawa kuswali, kula na kupumzika. Mama yake alimpikia wali na samaki, akamkalia mbele mpaka sahani ikabaki tupu.

Aliporudi, Mselem alikuwa amekaa kwenye benchi na ile raketi ndani ya mfuko wake, ameipakata. Alikuwa na furaha aliyoshindwa kuificha.

"Shika," akasema. "Leo ni leo."

Semeni aliufungua mfuko akiwa amekwisha kusimama mezani. Harufu ilimfikia kabla hata hajaitoa raketi. Aliijua tangu akiwa na miaka kumi na mmoja: harufu ya baraza la fundi, ya karai na viraka. Akaudundisha mpira juu ya raba mara moja. Ta.

Akamtazama Mselem. Mzee aliinua kidole gumba.

Kulikuwa na njia, nayo ilikuwa wazi. Angemwendea mwamuzi, aseme raketi hii haifai, naomba kubadilisha. Kanuni ilimruhusu kabla ya mchezo kuanza. Angecheza na raketi ya Yasini, nzito, asiyoizoea, na pengine angeshindwa, pengine asingeshindwa. Lakini mwamuzi angeuliza kwa nini haifai. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa Tanga, na mstari wa mbele walikaa wale wazee wa tisini na moja. Mselem alikuwa hatua tano tu kutoka pale, na angesikia kila neno. Semeni alihesabu: leo wamepima raketi chache tu. Huenda wasipime hii.

"Tayari?" mwamuzi wa meza aliuliza.

"Tayari," Semeni akasema.

Seti ya kwanza aliipoteza, kwa kuwa mpira ulimkimbia, na mwili wake ulikuwa umesahau kasi ile. Ya pili akachukua. Ya tatu wakafika kumi na moja kwa kumi na moja, na Khairiya akaimaliza kwa mipira miwili iliyogusa ukingo. Ya nne ilikuwa ya Semeni tangu mwanzo. Katika seti ya tano ukumbi ulianza kuhesabu naye kwa sauti, na raketi ikawa inaongea kama zamani, mipira ikitua pale hasa alipoitazama. Kumi na moja kwa saba. Watu wakasimama. Khairiya akaja kumpa mkono na kusema kwa sauti ya chini, "Hongera, dada. Umenizidi." Semeni hakuweza kumtazama usoni.

Ernesti alikuwa amekwisha kufika mezani. "Naomba raketi zenu. Za mchezo huu tunapima zote mbili, ni nafasi ya timu."

Ya Khairiya ilikaa ndani ya kijisanduku dakika moja, taa ikawaka kijani. Ya Semeni haikumaliza nusu dakika. Taa ikawaka nyekundu. Ernesti akaitoa, akairudisha tena, akasubiri. Nyekundu. Akavua miwani.

"Nani amebandika hii?"

"Mimi," Mselem alisema akija mbele, bado anatabasamu. "Leo saa saba na nusu. Niliigusa nikaona imelala, nikaiamsha. Kuna nini, bwana mkubwa?"

Watu wa mstari wa mbele wakasogea karibu.

"Mwalimu, hii ni solusheni ya baiskeli?"

"Ndiyo. Hapa Tanga sisi tunatumia hiyo. Miaka yote."

"Imekatazwa. Tuliwaletea barua tangu Mei."

"Barua gani?"

"Kila klabu ilipata."

"Sisi hatukupata," Mselem alisema, na sasa tabasamu lilikuwa limeondoka. "Wallahi, hakuna barua iliyofika Ngamiani. Ningeletewa ningeibandika. Ungeiona ukutani."

Mwalimu wa klabu ya Pongwe, aliyekuwa karibu, alisema kwa shingo upande kwamba wao walipata, na akaitoa simu yake kuonyesha picha ya ukuta wao. Mmoja wa wazee wa tisini na moja akaguna. Mtu wa nyuma akasema, kwa sauti ya kutosha, kwamba kumbe ndiyo maana Tanga mipira yao hupaa. Kicheko kidogo kikapita.

Mselem alimgeukia Semeni. Alimtazama tu kama mtu anayemtazama shahidi wake, kwa uhakika. Semeni alifungua mdomo, akaufunga, na muda ule ukapita. Ernesti akaanza kuandika.

Nafasi ya nne alipewa Khairiya. Jioni ile kamati ilikaa nusu saa. Semeni hakuadhibiwa zaidi ya kufutiwa mchezo, maana ilionekana mwalimu ndiye aliyebandika. Mselem alifungiwa miaka miwili kufundisha mchezo huo popote nchini, kwa gundi, na kwa kula kiapo cha uongo mbele ya mwamuzi mkuu.

Fundi alifunga baraza lake siku tatu. Siku ya nne alifungua, na vijana wa bodaboda waliokuwa na habari tayari walikuwa wakipunguza mwendo wanapopita. "Mwalimu, niamshie pikipiki," mmoja alisema, na wenzake wakacheka mpaka kwenye kona. Mselem aliendelea kukaza boliti. Hakwenda ukumbini. Wachezaji walikuja siku mbili, wakamsubiri, wakarudi kwao.

Semeni hakulala vizuri. Mama yake alidhani analilia timu ya taifa, akamfariji kuhusu timu ya taifa. Kazini alikuwa anatoa fotokopi za watu na kuacha karatasi halisi ndani ya mashine. Jumamosi ya kwanza ya Desemba aliiandika barua yake mwenyewe kwa kamati, mistari tisa, akaichapa. Lakini hakuituma. Aliona kwamba Mselem hapaswi kusikia jambo hilo kutoka kwa mtu mwingine tena.

Alimkuta anatia kiraka tyubu ya baiskeli ya mtoto wa shule.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. Alitoa ile barua ya Mei, imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kukatika, akaiweka juu ya kiti kitupu.

"Ilifika," akasema. "Walinipa mimi, niibandike. Sikuibandika."

Mselem alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kisha akaisoma. Alikuwa msomaji wa taratibu. Semeni aliona macho yake yalipofika kwenye sentensi ya tatu, kwa sababu yalisimama.

"Na ulikuwa unabandika kwa gundi gani, wewe, tangu Julai?"

"Gundi nyeupe. Ya maji."

"Kwa hiyo haikuwa imelala."

"Haikuwa imelala, Mwalimu. Ndivyo ilivyo siku hizi."

"Na siku ile, uliposhika, ulijua."

"Nilijua."

Mselem aliinamisha kichwa. Mteja mmoja alisimama na baiskeli yake, akaangalia nyuso zao, akaondoka.

"Niliona haya," Semeni alisema. "Hayo maneno hapo. Sikutaka uyasome."

"Ungeniambia ningekasirika," Mselem alisema mwishowe. "Ningekasirika wiki. Mbili, kwa jinsi ninavyojijua. Ningewatukana hao wa Dar na gundi yao. Halafu ningekwenda kuinunua." Alikunja barua kwa mikunjo yake ileile. "Uliniona mimi mtu wa kufichwa, Semeni. Kama wanavyofichwa wagonjwa."

Semeni alisimama akilia bila sauti, na Mselem hakumwambia anyamaze wala asinyamaze.

"Nimewaandikia kamati," akasema alipoweza. "Naituma leo."

"Tuma. Ni haki yao kujua. Sasa nenda, mtoto wa watu anasubiri baiskeli."

Jibu lilikuja siku tano baadaye, limesainiwa na Ernesti. Kifungo cha Mselem kimefutwa, na kamati inamwomba radhi kwa neno uongo. Semeni amefungiwa mwaka mmoja kucheza mashindano yoyote, kwa kuficha waraka, na kwa kucheza akijua. Alikuwa amelitegemea, lakini hata hivyo alilisoma akiwa amekaa chini, nyuma ya kaunta. Mwaka unaofuata kungekuwa na mchujo mwingine, nao ungempita. Aliichapa nakala ya jibu, akaipeleka barazani, akamkuta hayupo, akaiacha chini ya koleo.

Hakukatazwa kufungua ukumbi. Jumatatu alifungua, akazitandaza meza mbili, ile nzima na ile yenye uvimbe. Walikuja Yasini na wengine wanne. Akawaonyesha jinsi ya kupaka gundi nyeupe, wakasema inanuka maziwa yaliyolala, na Yasini akauliza kama inaliwa. Hiyo barua ya Mei hakuwa nayo tena, kwa hiyo aliandika nyingine kwa mkono, akaacha ile sentensi ya tatu, akaibandika ukutani.

Mselem hakuja wiki hiyo, wala iliyofuata. Kila jioni Semeni alipita barazani na kuamkia, na kila jioni aliitikiwa "marahaba" na mtu asiyeinua kichwa. Siku ya mwisho ya mwaka, joto likiwa limewakalia watu mabegani, aliamkia, akaitikiwa, akawa amekwisha kupita hatua kadhaa.

"Yasini anasema mnacheza gizani upande wa kushoto," sauti ilisema nyuma yake.

Semeni akasimama. "Taa imekufa tangu Jumanne."

"Mlinzi wa ukumbi ana nyingine, ameiweka stoo. Mwambie mimi nimesema atoe." Alikuwa bado ameinamia gurudumu, akilizungusha polepole kuangalia kama limenyooka. "Na hiyo meza yenye uvimbe, usiwaweke wanaoanza. Itawaharibu."

"Sawa, Mwalimu."

Alingoja kama kuna neno jingine. Gurudumu lilizunguka, likapungua mwendo, na Mselem akachukua spana. Semeni akaendelea na njia yake kwenda kumtafuta mlinzi kabla ya magharibi.